Raoudha na Kitufe cha Yeyusha

Raoudha Fourati alikuwa na miaka hamsini na miwili, na katika hiyo, ishirini na sita aliimalizia kwenye ofisi moja tu pale Sfax, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri vya mashine za kukamulia zeituni. Miezi ya mavuno ngazi zote zilinuka mafuta mabichi, naye alizipanda kila asubuhi akishika ukuta, akitua kidogo ghorofa ya pili kama mtu anayemngoja mwenzake.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Si hizi za simu wanazoandika vijana siku hizi, bali zile za kompyuta ya mezani, zenye madirisha na vitufe vyake, ambazo karani huzifungua asubuhi na kuzifunga jioni, mwaka nenda mwaka rudi, bila kujua nani kaziandika. Programu ya kiwanda cha samaki wa makopo. Programu ya maabara ya mafuta. Programu ya ghala la damu la hospitali. Zamani ofisini walikuwa waandishi sita. Wale aliowafundisha yeye mwenyewe waliondoka mmoja mmoja, huyu Lyon, yule Montreal, mwingine Berlin, na kila aliyeondoka alimwachia programu zake kama msafiri anavyomwachia jirani paka: mlishe tu, hasumbui. Mwisho akabaki yeye na paka wote.

Na nyumbani kulikuwa na mama. Bibi huyo aliteleza jikoni mwezi wa Machi wa mwaka huo, nyonga ikavunjika, na tangu hapo hakusimama tena ila kwa kushikwa. Raoudha hakuwa ameolewa. Kaka zake wawili walikuwa na wake zao na udhuru wao. Kwa hiyo kabla ya kazi alimgeuza mama, akamwogesha, akamlisha uji wa mtama, akamkabidhi kwa jirani. Na baada ya kazi akaanza upya. Ukimuuliza hali, alijibu, “Alhamdulillahi,” kisha akakaa chini kabla hujamkaribisha kiti.

Mwezi wa Novemba, Dokta Saloua, mkuu wa ghala la damu, alipiga simu.

“Dada Raoudha, ni kile kitufe tena.”

Raoudha alikijua kitufe hicho. Pale ghalani walihifadhi damu nzima, na pia maji ya damu, yale ya manjano yanayotengwa na kugandishwa mpaka yakawa kama jiwe. Wodi ikihitaji mfuko, karani wa dirishani aliyafungua maombi kwenye kompyuta, akahakikisha jina na kundi la damu, kisha akabonyeza kitufe kilichoandikwa YEYUSHA. Hapo karatasi ilichapwa chumba cha pili, na fundi akautia mfuko kwenye maji ya uvuguvugu. Na mfuko ukishayeyuka haurudi tena kwenye barafu. Utumike, au utupwe.

Tangu majira ya kuchipua karatasi zilikuwa zikitoka mbili badala ya moja. Si kila siku, wala si kwa kila mtu. Zilitoka zamu ya karani mmoja, mzee Mongi Sellami, ambaye kila mtu alimwita Ami Mongi, na ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Nani angetafuta sababu nyingine? Mkono unatetemeka, kidole kinagonga mara mbili, mifuko miwili inayeyuka. Hata Raoudha alipoletewa malalamiko Aprili, hakuondoka kitini. Aliongeza kizuizi: ukishabonyeza, kitufe kinalala sekunde mbili, hata ukigonga kama mpiga ngoma hakikusikii. Kisha akaandika taarifa ya mistari mitatu: *Mtumiaji alibonyeza mara mbili. Kizuizi kimewekwa. Tatizo limekwisha.* Siku hiyo mama alikuwa na homa, naye alitaka kuwahi nyumbani.

Lakini tatizo halikwisha. Likaongezeka. Na sasa, kwa kuwa ilijulikana kwamba mashine imewekewa kizuizi, watu walisema mengine: kwamba mzee anangoja kitufe kiamke halafu anakibonyeza tena, ama amechanganyikiwa, ama anafanya kusudi. Ijumaa moja mifuko ya kundi AB ikaisha kabisa, miwili ikiwa imetupwa asubuhi hiyohiyo, na jioni akaletwa mwanamke aliyetoka kujifungua, damu haikatiki. Ilibidi mfuko ufuatwe Mahdia kwa gari la wagonjwa. Mwanamke alipona, lakini kwa chupuchupu.

“Kamati inakaa Alhamisi,” alisema Dokta Saloua. “Wanataka neno kutoka kwenu, kwamba mashine iko sawa.”

Bwana Lamine, mwenye kampuni, alikuwa ameshaipata habari kabla Raoudha hajaenda kumwambia. Alikuwa mtu wa maneno laini na viatu vilivyong'arishwa, na alikuwa na tabia ya kukaa kwenye ukingo wa meza ya mtu anayemwomba jambo.

“Barua tu, dada yangu. Mistari mitano. Mashine haina kosa, wassalam. Wao na mzee wao.”

“Sijaenda kuona, Bwana Lamine.”

“Ukaone nini? Kitufe? Hujawahi kuona kitufe?”

“Nimeona vingi mno.”

“Basi na hicho kimoja ni ndugu yao. Andika, nipe nitie sahihi, upeleke wewe mwenyewe ili waone tunawajali.”

Akaandika. Haikuwa kazi ngumu. Maneno yale ya Aprili aliyanakili karibu yote. Jumanne asubuhi akaitia barua mkobani, akaenda hospitali.

Ghala la damu lilikuwa nyuma, karibu na chumba cha kufulia. Dokta Saloua alikuwa kwenye mkutano, Raoudha akaambiwa angoje. Angeweza kuiacha barua kwa mtu. Lakini kulikuwa na kiti, na miguu yake ilipoona kiti haikutaka ushauri. Akakaa, na kutoka pale akamwona Ami Mongi dirishani.

Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini na mmoja, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Mkono wa kulia alikuwa ameushika kwenye kifundo kwa mkono wa kushoto, kama mtu anavyomshika mbuzi mkorofi. Hivyo ndivyo alivyokiongoza kipanya cha kompyuta, mikono miwili juu ya kitu kinachotosha vidole viwili.

Raoudha akasogeza kiti.

“Sabahalheri, Ami Mongi. Mimi natoka kampuni ya programu.”

Mzee akamtazama, halafu akautazama mkono wake mwenyewe. “Karibu, binti yangu. Umekuja kuuona?”

“Nimekuja kuiona programu.”

“Ni yaleyale. Wote wanasema programu, macho wanatupia hapa.” Akacheka kidogo bila furaha. “Utazame. Hautozi kiingilio.”

Kutoka chumba cha pili ikatokea sauti ya mwanamke, nzito na ya haraka. “Ami, unaongea na nani? Wa kompyuta? Leo wameshuka duniani?” Kisha akachungulia mwenyewe, Hayet, fundi wa kuyeyusha, glavu mkononi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. “Shikamoo zenu, watu wa mawinguni. Kile kizuizi chenu kimezuia nini, maana mimi bado natupa mifuko?”

Kabla Raoudha hajajibu, maombi yakaingia kutoka wodi ya upasuaji. Mfuko mmoja.

Ami Mongi akafungua dirisha la maombi hayo kwenye kioo. Akasoma jina, midomo ikicheza. Akalifunga. Akavuta karatasi iliyoletwa na mhudumu, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, jina, namba, kundi. Akalifungua dirisha tena, akalinganisha. Kisha akakishika kifundo cha mkono, akavuta pumzi, akabonyeza.

Raoudha alikuwa amefumba macho. Hakukusudia, alikuwa amechoka, na kioo kilimuumiza. Lakini kwa kuwa alifumba, alisikia vizuri. Alisikia mlio mmoja. *Tik.* Basi.

“Mbili, Ami!” Hayet akapaza sauti kutoka ndani. “Wataka mbili?”

“Moja, mwanangu! Moja!”

“Wallahi mkono huu, Ami, ungekuwa wa mpiga ngoma ya darbuka mngekuwa matajiri nyumbani.”

Mzee akacheka tena kicheko kilekile. Hayet akatokea mlangoni na karatasi mbili, akauona uso wake, akajutia ulimi. “Natania tu, Ami.”

“Najua.”

“Umebonyeza mara moja,” Raoudha akasema.

“Nilibonyeza mara moja,” akasema mzee polepole, “lakini wewe usiniamini, binti yangu. Mimi mwenyewe siuamini tena. Zamani daftari la ghala hili lote niliandika kwa mkono huu, wino, hakuna aliyeweza kusema hii tatu au hii nane. Sasa hata sahihi yangu benki wanaikataa. Unaweza kubonyeza mara mbili nisijue.”

“Naomba nikae hapo.”

Akampisha. Ndani ya kila programu yake Raoudha aliweka mgonjwa wa uongo wa kujaribia, jina lake Majaribio, kundi lake lolote. Akayafungua maombi ya Majaribio, akabonyeza. Karatasi moja. Akajaribu tena, moja. Akageuka.

“Ami Mongi, kwa nini unalifungua dirisha mara mbili?”

“Kuhakikisha.”

“Wengine hufanya hivyo?”

“Wengine ni vijana, wana macho. Mimi nafungua, nasoma, nafunga, naangalia karatasi, nafungua tena. Tangu yaanze haya mambo, mara nyingine nafungua mara tatu. Nikikosea jina mtu anakufa.”

Raoudha akafungua maombi ya Majaribio, akayafunga, akayafungua. Akabonyeza mara moja kwa kidole chake kisichotetemeka.

“Mbili!” akasema Hayet.

Akafungua, akafunga, akafungua, akafunga, akafungua. Akabonyeza.

Mlio wa mashine ya kuchapa ukasikika, mrefu. Hayet akaja mwenyewe, karatasi ameziinua juu. “Tatu! Kulikoni, dada, na wewe umeanza kutetemeka?”

Raoudha alisimama. Akamwambia Ami Mongi jambo moja tu: kwamba hadi kesho kila akifungua dirisha abonyeze palepale, asilifunge kwanza. Barua ilikuwa bado mkobani alipotoka. Hakumngoja Dokta Saloua.

Ofisini alifungua maandishi ya programu, akalifuata dirisha lile mpaka kwenye mzizi wake. Jambo lenyewe ni rahisi, hata asiyejua kompyuta analielewa. Unapobonyeza kitufe, kitufe hakifanyi kazi yoyote. Kinapiga hodi tu. Mwandishi wa programu ndiye anayeweka mtu ndani na kumwambia: ukisikia hodi hii, inuka ufanye kazi fulani. Akimweka mtu mmoja, hodi moja inajibiwa mara moja. Lakini pale, kila mara dirisha lilipofunguliwa, programu iliweka mtu mpya bila kumwondoa wa zamani. Nalo dirisha likifungwa halikufa, lilijificha tu, na wote waliowekwa ndani wakabaki wamekaa macho mpaka kitufe kibonyezwe na maombi yaishe. Ukilifungua mara tatu, ndani wako watatu. Hodi moja, na wote watatu wanakimbilia mlango. Kizuizi chake cha Aprili kilikuwa kimemzuia mgeni asipige hodi mara mbili. Hakikuwagusa wale wa ndani.

Kwa hiyo karani mzembe, anayefungua na kubonyeza bila kuangalia, alipata karatasi moja. Karani mwangalifu alipata mbili. Na kadiri walivyomlaumu, ndivyo alivyozidi uangalifu, ndivyo zilivyozidi karatasi.

Akatafuta nani aliusogeza mstari ule na lini. Programu huweka kumbukumbu. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka huohuo. Jina: R. Fourati.

Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa kwenye benchi la korido, hospitali hiyohiyo, kompyuta mapajani, mama akingoja kupasuliwa. Walihitaji nafasi ya kuandika mzio wa mgonjwa kwenye lile dirisha, na Bwana Lamine alikuwa amepiga simu mara mbili. Akaongeza nafasi, akasogeza mistari kadhaa, akajaribu mara moja, ikafanya kazi. Nani hujaribu kufungua dirisha, kulifunga, na kulifungua tena? Akaituma. Kisha akaitwa kuja kuweka sahihi ya nusukaputi.

Kuusahihisha mstari kulimchukua dakika nne. Alizitazama dakika nne hizo kwenye saa ya ukutani. Halafu akaenda kwa Bwana Lamine akamweleza yote.

Lamine alisikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakukaa ukingoni mwa meza.

“Umesharekebisha?”

“Nimesharekebisha.”

“Basi imekwisha. Kesho wapelekee toleo jipya, sema ni marekebisho ya kawaida. Kamati ifanye mambo yake.”

“Kamati itamwandikia mzee onyo. Au itamtoa.”

“Raoudha. Mkataba wao unafanywa upya Januari. Yule mzee amebakiza miezi saba astaafu, na mkono wake unatetemeka au hautetemeki?”

“Unatetemeka.”

“Tumemsingizia?”

“Ndiyo. Tumemsingizia.”

Lamine akashusha pumzi. “Ufikirie mama yako,” akasema, na hakuwa amekasirika. Alisema kama rafiki, na ndiyo maana ikauma zaidi. “Ofisi gani itamchukua mwanamke wa miaka hamsini na kitu anayejua programu za mezani? Miezi saba ni kitu gani kwa yule?”

“Yeye amebakiza miezi saba,” akasema Raoudha. “Mimi nimebakiza miaka kumi. Nitaikaaje hapa na uongo huu?”

Jioni hiyo, akimlisha mama, alimsimulia. Hakuwa akitafuta ushauri. Ni kwamba hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Mama alisikiliza huku akitafuna, akauliza yule mzee ni Sellami wa wapi, wa barabara ya Gremda au wa Sakiet? Raoudha hakujua. “Kama ni wa Gremda, mamaye nilimjua, alikuwa mchoyo wa sukari,” akasema mama, na akageuzia uso ukutani alale. Raoudha akabaki na kijiko mkononi. Alijisikia hana nguvu hata ya kuogopa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za maji. Walikuwa wanne, Dokta Saloua katikati yao. Ami Mongi alikuwa mwisho kabisa wa meza, koti limepigwa pasi, mkono ameuficha chini. Bwana Lamine hakuja. Hakumkataza kwenda, wala hakumpa baraka. Alisema tu ana mafua.

“Kampuni imeleta barua?” akauliza mwenyekiti.

“Barua nilikuwa nayo, nimeichana,” akasema Raoudha. Alikuwa amesimama, akashika mgongo wa kiti. “Ilisema uongo. Mimi ndiye niliyeiandika na ni mimi niliyeharibu programu. Ami Mongi hakubonyeza mara mbili. Labda hata siku moja.”

Akawaeleza. Alitumia mfano wa hodi, na aliona mmoja wao, daktari mzee, akiitikia kwa kichwa. Akasema tarehe. Akasema jina lake. Akaeleza kwamba wengine walinusurika kwa haraka yao na huyu akaponzwa na uangalifu wake. Kisha akaketi.

Dokta Saloua aliuliza, “Ulijua lini?”

“Juzi.”

“Kwa hiyo hakuna aliyeficha.”

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, amefunguliwa kwa wema. Raoudha aliuona. “Nilijua juzi,” akasema, “lakini ningeweza kujua Aprili. Mngeniambia njoo uone, nisingekuja. Na hamkuniambia, nami sikuja. Niliandika kwamba ni yeye, bila kumwona. Kukaa naye kulinichukua nusu saa.”

Mwenyekiti akaandika kwa muda mrefu.

Koridoni, Raoudha alimkuta Ami Mongi amesimama kando ya dirisha. Alidhani atashukuru, na alikuwa anaogopa shukrani hiyo. Mzee hakushukuru.

“Miezi saba,” akasema. “Tangu Aprili.”

“Ndiyo, Ami.”

“Pikipiki yangu nimeiuza. Nilisema mkono usionitii kwenye kitufe utanitii kwenye breki? Mjukuu wangu ana miezi mitano. Sijambeba hata mara moja. Binti yangu ananipa, nasema nina mafua, nina vumbi la hospitali mwilini. Unajua kwa nini? Nilisema kama mkono huu unabonyeza bila mimi kujua, utamwachia mtoto bila mimi kujua.” Sauti yake haikupanda hata kidogo. “Na yule mwanamke aliyejifungua. Nimelala na yule mwanamke kichwani kila usiku, namuomba radhi.”

“Nisamehe, Ami Mongi.”

Mzee akatazama nje. Uani wafuaji walikuwa wanaanika mashuka kwenye kamba.

“Nimeisikia samahani yako,” akasema. “Sijui bado niiweke wapi.” Akamwacha pale, akaenda zake kazini, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaisha.

Malalamiko yaliyokuwa kwenye faili la Mongi Sellami yalifutwa kwa barua yenye mhuri. Hospitali iliamua kwamba kuanzia hapo hakuna toleo jipya litakalowekwa bila karani wa dirishani kulijaribu kwa wiki moja, na karani waliyemteua ni yeye. Mkataba haukuvunjwa, ila ulifanywa wa mwaka mmoja badala ya mitatu. Bwana Lamine hakumsemesha Raoudha kwa siku kumi na sita. Hakumfukuza pia. Kumfukuza kulihitaji mtu mwingine anayeweza kuzifungua zile programu bila kuzivunja, na mtu huyo alikuwa Montreal. Siku ya kumi na saba akaja mwenyewe na kahawa mbili, akaweka moja mbele yake, akasema hali ya hewa imebadilika ghafla.

Raoudha alichukua majuma sita kupitia madirisha yote aliyowahi kuandika au kurithi. Yalikuwa mia mbili na kitu. Katika mawili akakuta kosa lilelile, moja likiwa limeandikwa na kijana aliyeko Lyon, jingine na yeye tena. Hakuna aliyewahi kulalamika. Aliyasahihisha, akapiga simu kwa wenyewe, akawaambia. Mmoja alimshukuru, mwingine akamuuliza kwa nini anamsumbua kwa kitu ambacho hakimsumbui.

Na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alikwenda ghalani kukaa pembeni ya dirisha, akimtazama mzee akifanya kazi. Desemba hawakuongea ila salamu. Januari Hayet alijaribu kuwachangamsha, akawaletea mkate wa tuna na pilipili ya harisa, akasema wamekaa kama bibi harusi na mama mkwe, wakala, wakanyamaza. Mkono wa Ami Mongi ulikuwa umezidi kutetemeka, kwa kuwa ulikuwa mgonjwa kweli. Dawa alikuwa ameanza kunywa, baada ya kukataa mwaka mzima kwenda kwa daktari asije akaambiwa maneno yatakayomtia hatiani.

Jumanne ya Februari, mvua ikinyesha, Raoudha alifika amelowa, mama akiwa amemkesheza, akakaa kwenye kiti chake karibu na ukuta. Alikuwa anasinzia. Mara akamsikia mzee akisema, bila kugeuka:

“Huko mbali huoni kitu. Sogeza kiti.”

Akasogeza.

“Hiki kitufe cha Yeyusha,” akasema Ami Mongi, “mbona mmekiweka bega kwa bega na cha Futa? Mtu mwenye mkono mzima anaponea. Mwenye mkono kama huu je?”

Raoudha akatazama. Miaka kumi na mmoja ya kitufe kile, na hakuwahi kuliona hilo.

“Nitakitenganisha.”

“Usiseme nitakitenganisha, andika. Na herufi za jina la mgonjwa ni ndogo kuliko herufi za jina la kampuni yenu. Andika na hilo. Mambo ya namna hii nilikuwa nayo kumi na moja, miaka yote hii, ila nilidhani hakuna mtu wa kuambiwa.”

Akatoa karatasi mkobani, ikamshinda kidogo kufungua kalamu kwa vidole vya baridi. Alitamani kulala. Alitamani hata kuweka kichwa juu ya ile kaunta, dakika tano tu. Mzee akamngojea mpaka wino ukashika.

“La tatu,” akasema.